Lenta ya Kioo

Katika maisha yangu ya ualimu nimefundisha somo la kanieneo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mwalimu wa sayansi anazijua zana zake: kopo tupu la maziwa, msumari na maji. Unatoboa matundu matatu ubavuni mwa kopo, moja juu, moja katikati na moja karibu na kitako. Unajaza maji, na watoto wanaona wenyewe kwamba tundu la chini ndilo linalorusha maji kwa nguvu zaidi. "Kwa nini?" unauliza. Darasa zima linajibu kwa sauti moja kwamba kanieneo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Unafuta ubao, kengele inalia, na kila mtu anakwenda zake akiamini kwamba amejua.

Mimi nami niliamini kwamba najua. Mwaka 1994 nilifundishwa, kwa damu ya mtoto wa mwenzangu, kwamba kujua kwa mdomo ni jambo moja na kujua kwa mikono ni jambo jingine.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huko juu milimani, si mbali na mji wa Lushoto. Msomaji aliyewahi kufika anakumbuka safari yenyewe. Ukiacha barabara kuu pale Mombo, unaanza kupanda, kona baada ya kona, mlima mkono huu na bonde mkono ule. Unapita Soni na maporomoko yake, na kabla hujafika mjini umekwisha kutafuta sweta. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Watoto wa huko wanaijua kabichi, wanayajua maharage, wanazijua pichi na plamu. Samaki nao wanawajua, lakini wanawajua kwa namna moja tu: dagaa waliokauka kwenye fungu sokoni, na perege wa kukaanga walioletwa kutoka bondeni.

Siku moja nilikuwa nimechora samaki ubaoni na kuonyesha matamvua, nikaeleza jinsi anavyovuta maji kwa mdomo na kuyapitisha hapo ili apate hewa. Mtoto mmoja wa darasa la tano, msichana mpole asiyependa kusema, akanyosha kidole. "Mwalimu," akaniuliza, "samaki akilala anafumba macho?" Nikamjibu kwamba samaki hana kope. Akakaa, lakini niliona wazi kwamba hakuridhika. Angeridhikaje, naye hakuwahi kumwona samaki aliye hai?

Swali lile halikunitoka. Nikaamua kwamba watoto wangu watamwona samaki akipumua.

Nilishuka Tanga wakati wa likizo fupi. Kwa fundi vioo nikanunua vipande vitano vya kioo cha dirisha cha milimita 4, akanikatia kwa almasi yake kama nilivyomwandikia kwenye karatasi. Hakuniuliza ni vya nini, nami sikumwambia. Katika duka la vifaa vya ujenzi nikapata silikoni, ile gundi inayonuka kama siki. Nikarudi na mzigo wangu katika basi, nimeupakata mapajani kama mtoto mchanga.

Tangi langu lilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 45. Nililiunganisha kwa jioni mbili, nikaliacha likauke siku mbili, nikaliweka juu ya meza ya darasani na kulijaza maji mpaka kina cha sentimita 42. Halikuvuja hata tone. Jumamosi nikashuka bondeni na ndoo, nikarudi na perege tisa wadogo, kila mmoja kiasi cha kidole.

Siwezi kueleza vizuri furaha ya siku zile. Watoto walikuwa wakifika shuleni kabla ya namba. Walijifunza kuhesabu pumzi za samaki kwa dakika. Waligundua wenyewe, bila mimi kuwaambia, kwamba asubuhi za baridi perege walipumua polepole na kula kidogo, na mchana jua lilipoingia dirishani walichangamka. Niliwasimulia kwamba mito ile ya chini yetu ina perege wake: mwaka 1955 mtaalamu wa Kiingereza, Rosemary Lowe, aliwaeleza kisayansi perege wa mto Pangani, na aina moja akaipa jina la Korogwe. Watoto waliona fahari kubwa kwamba kuna samaki duniani anayeitwa kwa jina la mji wanakopita wakienda Tanga.

Ni katika furaha hiyohiyo nilipoona jambo nililopaswa kulijali. Alasiri moja, jua likiwa upande wangu, niliona kivuli cha dirisha katika kioo cha mbele cha tangi. Nguzo za dirisha, ambazo zilikuwa zimenyooka, kwenye kioo zilipinda. Nikachukua uzi wa kushonea, nikauvuta kwa ndani ya ukingo wa juu, kona kwa kona. Katikati, kati ya uzi na kioo, palikuwa na nafasi ya kupenyeza sarafu. Kioo kilikuwa kimetoka tumbo.

Nilijiambia nini? Nilijiambia kwamba limesimama wiki sita bila neno, basi limekwisha zoea. Kana kwamba kioo huzoea! Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali hiyo nilikuwa nikiifundisha katika Kiswahili mlango wa pili.

Wiki ya kumi na moja, saa ya usafi, msichana yule aliyeuliza habari za macho ya samaki alikuwa akifagia chini ya meza. Wenzake walisema baadaye kwamba hawakusikia mlio wowote wa kuonya. Kulikuwa na kishindo kimoja, kama mlango uliosukumwa na upepo, na kioo cha mbele hakikuwapo tena. Maji yote yalitoka kwa mkupuo. Nilipofika, nyayo za sakafu zilikuwa hazionekani kwa maji, samaki wakirukaruka kwenye saruji, watoto wakiwaokota na kuwatia ndooni huku wakilia, na yeye ameketi katikati, ameushika mkono wake wa kushoto, akiutazama tu.

Alishonwa nyuzi sita katika mkono, chini ya kiwiko. Mganga alisema kwamba jeraha lingekuwa sentimita chache upande wa ndani angekuwa anazungumza nami habari nyingine. Nimeyabeba maneno hayo hadi leo.

Jioni ile nilikwenda kwao kuomba radhi, nikifuatana na mwalimu mwenzangu mtu mzima, maana kwa jambo kama hilo mtu haendi peke yake. Baba yake alikuwa fundi mwashi, ametangulia umri kuliko mimi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu, karibuni," akatupa viti, mama akaleta chai. Nilisema yote niliyokuja kusema. Nilisema kosa ni langu, si la mtoto wala la shule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kimya kwa muda, nikawa naona aibu kunyanyua kikombe.

Hatimaye akauliza, "Mwalimu, hilo tangi, juu ulilifunga na nini?"

Nikasema sikulifunga. Lilikuwa wazi, ili tupate kuwalisha samaki.

"Yaani hukuweka lenta."

Sikumwelewa. Akaniita uani. Hapo alichukua boksi tupu la sabuni, la karatasi ngumu, akalikata vifuniko vyake vyote vya juu, akamimina humo maharage ya kutoka shambani kwake mpaka likajaa. Mbavu ndefu za boksi zikatanuka. Hazikutanuka chini, walakini, ambako uzito ni mwingi, wala hazikutanuka kwenye kona. Zilitanuka juu, katikati. "Unaona," akasema, "chini ukuta umeshikwa na sakafu. Pembeni umeshikwa na wenzake. Hapa juu umeshikwa na nani?" Akachukua kamba, akatoboa tundu mbili, akaifunga toka ubavu huu hadi ubavu huu. Boksi likarudi likanyooka. "Hiyo kamba ndiyo lenta."

Kwa msomaji asiyejenga, lenta ni ule mkanda wa zege lenye nondo unaozunguka nyumba juu ya madirisha na milango. Haubebi paa tu. Unazishika kuta nne zisiachane. Mwashi yule alikuwa amejenga miaka mingi katika miteremko yetu, ambako udongo wa mlimani ukishiba maji ya masika huusukuma ukuta usiku na mchana. Aliniambia kwamba ukuta wa kuzuia udongo huachiwa matundu ili maji yapate pa kutokea, maana maji yasiyo na njia hayana huruma. "Wewe tangi lako huwezi kulitoboa," akasema. "Basi ilikupasa ulifunge."

Sikulala usiku ule. Niliwasha taa ya chemli, nikachukua kalamu, nikafanya hesabu ambayo ningeweza kuifanya miezi mitatu kabla. Ni hesabu nyepesi, na ninaiweka hapa kwa ajili ya yeyote atakayetaka kujenga tangi. Chukua urefu wa kioo kwa desimita, yaani sentimita kumi kumi. Zidisha kwa kina cha maji, kisha zidisha tena kwa kina hichohicho, halafu gawa kwa 2. Jibu lake ni kilo ambazo maji yanakisukuma kioo hicho kwa nje. Kwangu mimi ilikuwa 9 mara 4.2 mara 4.2, gawa kwa 2: karibu kilo 79. Ni zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa saruji, umeegemezwa kwenye kioo cha dirisha cha milimita 4, bila kupumzika, wiki kumi na moja. Na watoto wangu wamekaa mbele yake wakihesabu pumzi za samaki.

Hesabu ile ilinionyesha na jambo la pili. Kina kinazidishwa mara mbili, urefu mara moja tu. Ukilifanya tangi liwe refu mara mbili, msukumo unakuwa mara mbili. Ukikifanya kina kiwe mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Upana, toka mbele kwenda nyuma, haumo katika hesabu kabisa. Kioo cha mbele hakijui nyuma ya maji kuna sentimita 30 au kuna ziwa zima. Kwa hiyo tangi la pili nililipunguza kimo hadi sentimita 40, kina cha maji sentimita 36, na upana nikauongeza hadi sentimita 40. Maji yalikuwa yaleyale, karibu lita 130, lakini msukumo ulishuka kutoka kilo 79 hadi 58. Kopo langu la matundu matatu lilikuwa limenieleza hayo miaka yote.

Mwashi alisema atanisaidia kulijenga. Nilidhani amesema kwa adabu. Jumamosi iliyofuata alifika shuleni na mkoba wake wa kazi, na binti yake nyuma, mkono umefungwa bendeji.

Safari hii tulitumia kioo cha milimita 6, maana lenta haikigeuzi kioo chembamba kuwa kinene. Inazuia kisitanuke, lakini uzito kioo kinaubeba chenyewe. Kila ukingo tuliusugua kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa, kwa sababu kioo huanza kupasukia penye mkwaruzo au kimeguko kidogo. Tulisafisha viungo kwa spiriti, kisha hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa kwa kidole, kwa kuwa mafuta ya mkono yanaizuia silikoni isishike. Silikoni yenyewe ilikuwa ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo huua samaki. Tulianza na kioo cha chini, tukasimamisha cha nyuma, vya pembeni, mwisho cha mbele, tukavibana kwa karatasi ya gundi na kuacha unene wa silikoni katikati ya kioo na kioo, maana gundi iliyokamuliwa yote haina nguvu.

Halafu ikaja lenta. Tulikata vipande viwili vya kioo hichohicho cha milimita 6, vyenye upana wa sentimita 6, tukavigandisha kwa ndani, bapa, kimoja kando ya kioo cha mbele na kimoja kando ya kioo cha nyuma, sentimita 2 chini ya ukingo. Hivyo kila kioo kirefu kikapata ubavu wa kukizuia kupinda. Kisha katikati, juu ya vipande hivyo, tukalaza kipande cha tatu chenye upana wa sentimita 10, kikivuka toka mbele hadi nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kamba ya boksi la sabuni. Mkono wa mtu ulipita kushoto na kulia yake bila taabu, na samaki walilishwa kama kawaida.

Nilitaka kulijaza siku ya tatu. Mwashi akakataa. Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kutoka nje kwenda ndani, na katika baridi hukauka taratibu; ngozi ya juu hukudanganya. Tuliliacha wiki nzima. Meza ya zamani, ambayo ilikuwa imepinda, tuliiacha pia. Alitengeneza kichaga cha mbao za mkaratusi, akakipima kwa pima maji, na chini ya tangi tukatandika bapa jeupe jepesi la plastiki, lile linalofungiwa redio mpya katika boksi, ili kila chembe ya mchanga iliyosahaulika isiwe msumari. Tulilijaza nje kwanza, uani, robo kila siku, na watoto hawakuruhusiwa kusogea. Likakaa wiki. Nikavuta uzi wangu kona kwa kona, na kwa kadiri jicho langu lilivyoweza kuona, ulikilalia kioo toka mwanzo hadi mwisho.

Baadaye nilisoma habari za matangi ya zamani, nikaelewa kilichonipoteza. Nyumba ya samaki ya kwanza iliyofunguliwa kwa watu wote ilikuwa katika bustani ya wanyama ya London, mwaka 1853. Kwa miaka mia moja na zaidi matangi ya nyumbani yalikuwa ya vioo vilivyotiwa katika fremu ya chuma na kuzibwa kwa pati. Silikoni ilipoingia katika kazi hii, miaka ya 1960, fremu ikaondolewa, na tangi likapendeza kwa kuonekana kioo kitupu. Lakini chuma kile hakikuwa urembo. Mkanda wake wa juu ulikuwa ukizishika kuta. Anayeondoa kitu kwa sababu hakipendezi, na auulize kwanza kilikuwa kikifanya kazi gani.

Perege sita kati ya wale tisa walipona katika ajali. Waliingia tangi jipya, na wengine wakaja baada yao. Tangi lile lilikaa darasani mpaka nilipohamishwa, mwaka 2003, na nililiacha likiwa zima. Kila mwanzo wa muhula nilivuta uzi kabla ya kufungua kitabu. Nilikagua lenta kama imeanza kubanduka, na nilijua kwamba ikibanduka siipakazi silikoni mpya juu ya kuukuu, kwa sababu haishikani; hutolewa maji, ikakwanguliwa yote kwa wembe, ikaanzwa upya. Wala sikuruhusu mtu kulinyanyua tangi kwa kushika lenta, kwa kuwa haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Nilipofundisha tena somo la kanieneo, sikuanza na kopo. Nilianza na boksi la sabuni, maharage na kamba, na nilisema nimefundishwa na nani. Watoto walicheka kusikia kwamba mwalimu amefundishwa na baba wa mwanafunzi. Sikuona aibu. Nilikuwa na aibu nyingine kubwa zaidi, ambayo sikuweza kuicheka, na ilikuwa imeketi dawati la tatu ikiandika kwa mkono wa kulia, huku kovu likionekana katika mkono wa kushoto kila ulipokunjwa mkono wa sweta.

Mimi nilikuwa na kanuni, yeye mwashi alikuwa na kuta. Kanuni yangu ilikuwa kweli tupu, lakini niliiacha ubaoni nikaifuta. Naye hakuwahi kuniambia neno baya hata moja, jambo ambalo pengine lingenipunguzia mzigo. Aliuliza tu: juu ulilifunga na nini? Tangu siku hiyo, kila ninapoona kitu kinachobeba uzito kimya kimya, iwe ukuta, iwe rafu ya vitabu, iwe mtu, nimejizoeza kutosema kwamba kimekwisha zoea. Navuta uzi kwanza.

Binti yule alikuwa wa kwanza kurudi kukaa mbele ya tangi jipya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, naogopa kumwambia aje na naogopa kumwambia asije. Akaburuta kiti chake, akasogeza uso karibu na kioo, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Kweli, mwalimu," akasema. "Hawafumbi macho."